Aksanti Niliyoisema Kibati

Kuna watu Butembo mpaka leo wanaamini kwamba mimi, mama wa watoto wanne, mwimbaji wa kwaya, mke wa mtu pale Mapendo, Goma, nilikuwa mke wa siri wa mzee mmoja marehemu ambaye sikuijua hata sura yake. Nawaambia mapema ili msije mkaisikia kwa mwingine akaitia chumvi. Na siwezi kuwalaumu watu wale, kwa sababu ushahidi wote niliwapelekea mimi mwenyewe, kwa gari la kukodi, na mbuzi ndani.

Lakini nianze na Zawadi, maana bila yeye nisingekuwa na sababu ya kutoka Goma.

Shuleni tulikuwa wanne wa bweni moja: mimi, Furaha, Espérance na Zawadi. Tulikula pamoja, tulichapwa pamoja, na sabuni ya mmoja ilikuwa ya wote (hasa ya Furaha, kwa sababu mama yake ndiye aliyekuwa akimletea). Halafu maisha yakatutawanya, kila mtu na upepo wake. Furaha akaolewa Bukavu. Espérance akakaa Kampala miaka mingi kisha akarudi Gisenyi, hapo ng'ambo ya mpaka. Zawadi akaolewa Butembo, akafiwa na mume mapema, na ndugu zake wa Masisi vita vimewapeleka kila mmoja upande wake, wengine hajui hata kama wako hai. Kwa hiyo binti yake Grâce alipopata mchumba, na ukoo wa mchumba ukawa ule mkubwa, wa wafanyabiashara, wenye magari na wajomba wasiohesabika, Zawadi akatupigia simu mmoja mmoja.

Ninyi mnajua siku ya mahari inavyokuwa huku kwetu. Pande mbili zinakaa zikitazamana, wenyeji huku, wageni kule, na kila upande wanawake wake wameshona sare moja, ili hata kipofu ajue nani ni wa nani. Sasa ukiwa huna upande?

"Nyinyi njo watu yangu," aliniambia, yaani sisi ndio watu wake. "Mukikosa kuya, nitaikala peke yangu mbele ya wale watu, sawa vile mutoto nilimuokotaka ku njia."

Nilimwapia kwamba tutafika. Aliniambia pia kwamba siku ile ilikuwa imesogezwa mbele kwa sababu wakwe walikuwa na msiba, wakangoja kwanza watoshe kilio, yaani wamalize matanga. Hilo nililisikia, nikasema pole kwao, nikalisahau kabla ya kukata simu.

Kazi ya kununua vitenge (vikwembe, kama tunavyosema huku) nilijipa mwenyewe. Hakuna aliyenichagua. Niliandika tu kwenye grupu la WhatsApp kwamba Goma ndiyo yenye maduka na mimi ndiye mwenye jicho, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubishana. Tulikuwa tumekubaliana kijani chenye maua. Nikafika dukani, kijani hakuna, kimekwisha. Mwenye duka akanitazama vile wanavyomtazama mtu anayejiona ana jicho, akaingia nyuma, akarudi na kitambaa cha bluu iliyokolea, kimejaa njiwa weupe wanaoruka kwenda juu. Kizuri, jamani! Nikafikiri: njiwa, mapenzi, amani ya nyumba, nini kingine kinatakiwa siku ya mahari?

"Ile ni komande ilibakiaka, mama," akasema. "Hapa Goma mutu mwingine hauwezi kumuona nayo."

Mtu mwenye akili angeuliza ilikuwa komande ya nani, yaani nani aliyeiagiza. Mimi niliuliza kama ipo ya kutosha. Ilikuwepo, tena ya kuzidi, na ndiyo maana nikampa fundi atushonee kila mtu nguo mbili: moja ya safari, na nyingine yenye mikono mipana ya kuingilia Butembo. Kisha nikawaandikia wenzangu amri: msibebe nguo nyingine, gari ni dogo, tuwe sare tangu Goma mpaka mlangoni kwa Zawadi, watu watuone. Nashukuru Mungu amri zangu huwa hazisikilizwi nyumbani kwangu, lakini siku hiyo zilisikilizwa.

Furaha alifika kwa mashua kutoka Bukavu, Espérance akavuka mpaka kwa miguu. Tulipokutana pale nyumbani tulipiga kelele mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Espérance akanigusa tumbo akauliza kama hilo nalo nimelishonea sare. Furaha, ambaye shuleni alikuwa akiamka kabla ya kengele ili asali, alikuwa bado na rozari ileile mkononi na bado ananitazama kana kwamba anajua nitafanya nini kabla sijafanya. Tukavaa njiwa zetu, tukapanda jipu la Papa Moïse, dereva wa kukodi, mtu mpole asiyesema neno ila akiulizwa, tukatoka Mapendo tukiimba.

Kanyaruchinya watu walitutazama sana. Nikawaambia wenzangu, mnaona jicho langu? Kufika Kibati, Furaha akataka ndizi, Papa Moïse akasimama, na mama mmoja muuza ndizi akaja dirishani na sinia lake. Alipoona nguo zetu aliliweka sinia chini, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Yoo! Wamama, poleni," akasema. "Poleni na Muzee."

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnihukumu kwa haki. Mtu usiyemjua amesimama mbele yako, macho yamemjaa machozi ya kweli, anakupa pole. Utamwambiaje? Umwambie, mama, chukua pole yako, sisi hatujafiwa? Nilitafuta neno, na neno lililokuwa karibu na ulimi likawa ndilo tulilofundishwa tangu utotoni kulisema mtu akikupa kitu chochote.

"Aksanti, mama," nikasema.

Basi. Ni hilo tu. Yote yaliyofuata yalitoka katika neno hilo moja.

Mama yule akakimbia nyuma ya kibanda chake akarudi na kuku amefungwa miguu, akamsukuma dirishani mpaka kwenye mapaja yangu. "Mupelekee Koko, mujane wake, ile kuku. Muzee Bleu alibebaka mutoto yangu mugonjwa mupaka Goma, hakuniomba kitu. Mungu amupokee." Na kabla sijafungua mdomo, Papa Moïse, kwa heshima, alikuwa ameshaondoa gari.

Kuku alipapatika mapajani mwangu. Halafu Espérance akaanza kucheka, mimi nikamfuata, tukacheka mpaka kuku naye akaanza kelele zake. Furaha hakucheka.

"Ile kuku ni ya kilio ya watu," akasema.

"Basi tufanye nini? Tumurudishe?" Espérance akauliza.

"Ndiyo. Turudi."

"Tukirudi tutamwambia nini?" nikauliza, na gari likaendelea.

Sasa, mnaijua barabara ile. Kuna bariere (sitasema ni za nani, kila mwaka zinabadilisha wenyewe), kamba imevutwa barabarani, mtu anakuja taratibu kama hana haraka ya kufa, anataka vitambulisho, anataka kujua unaenda wapi na kwa nini, na mwishowe anataka umkumbuke kidogo. Kwenye kamba ya kwanza kijana alichungulia ndani, akaona njiwa, akavua kofia. Akaishusha kamba yeye mwenyewe. "Pitieni, wamama. Pole sana."

"Hii kikwembe ni pasipoti," Espérance akasema.

Kwenye kamba ya pili nilipangusa macho kwa ncha ya kilemba. Kwenye ya tatu nililia. Nisifiche, nililia vizuri, kwa sauti, nikitaja jina la Muzee Bleu kama mtu niliyemfulia mashati. Matanga ya mama mkwe wangu sikulia hivyo, na mume wangu hajanisamehe bado, kwa hiyo naomba hii habari isimfikie. Mkuu wa kamba alinishika bega akasema nisikate tamaa. Nilipogeuka nikamwona Papa Moïse naye anapangusa jicho kwenye kioo.

Tulipofika mji wa Kiwanja tuliingia kula, mwenye hoteli akakataa tulipe, akatupakilia nusu gunia la maharagi ya familia, na akataka kusikia Muzee alikufaje. Nikamwambia alikufa kwa amani, akiwa anatutaja sisi. Furaha alisimama akatoka nje na rozari yake. Mimi nilikuwa nimeshanogewa. Uongo ule haukuwa tena mzigo, ulikuwa mwepesi, kila nilipoufungua mdomo ulitoka wenyewe, na kadiri watu walivyomsifu marehemu (huyu alimtengenezea daraja, yule alimpa lifti siku ya kujifungua) ndivyo nilivyozidi kujiona kweli nimempoteza mtu.

Kanyabayonga tulilala kwa mama mmoja mwenye vyumba vya wageni, akatuchemshia maji ya kuoga bila kuombwa. Jioni ile ilikuwa nzuri, siwezi kuikana. Tulikaa kitandani watatu, tukamkumbuka Zawadi wa bweni, yule mdogo kuliko sote ambaye likizo zikifika alikuwa anabaki shuleni na masista kwa sababu barabara ya kwao imefungwa, na sisi tunaondoka tunampungia mkono dirishani. Espérance akasema, safari hii hatumwachi. Niliwapenda sana rafiki zangu usiku ule. Asubuhi tukakuta mbuzi amefungwa kwenye jipu. Wa Koko, akasema mwenye nyumba.

Hapo Furaha akagoma. Alisimama mbele ya gari, mikono kiunoni.

"Sipandi. Mpaka museme hivi vitu vitafika kwa wenyewe."

"Tutavipeleka," nikasema, "baada ya mahari."

"Mbele ya mahari. Siingii kwa Zawadi na vitu vya maiti ya watu."

Na kweli, muda tulikuwa nao. Mahari ilikuwa mchana. Nikapanga vizuri: tunauliza nyumba ya Muzee Bleu, tunashusha kila kitu getini, tunasema salamu zetu, tunaondoka haraka, tunafika kwa Zawadi kabla wageni hawajafika. Njiani Zawadi alitupigia, nikamwambia tuko karibu, panga viti. Akasema ameshavipanga, amekodi vya kutosha, ameweka upande wetu mbele kabisa.

Butembo kuuliza nyumba ya Muzee Bleu ni kama kuuliza kanisa liko wapi. Watoto walitukimbilia mbele ya gari. Geti lilikuwa wazi, na ndani nikaona kitu ambacho sikukielewa: magari yamefungwa riboni, kreti za vinywaji zimepangwa, wanaume wamevaa suti, na wanawake wengi, wengi mno, wote wamevaa kitenge cha manjano kinachong'aa. Nikafikiri, watu hawa kweli wanajua kumaliza matanga. Papa Moïse, badala ya kusimama getini, aliingia mpaka katikati ya uwanja (heshima ileile). Mbuzi alikataa kushuka, akapiga kelele, na kila mtu akageuka. Tukashuka sisi watatu na njiwa zetu, mimi na kuku mkononi.

Wanawake wa manjano wakarudi nyuma, wakatuachia nafasi.

Shangazi mmoja mrefu akatoka kwenye kundi. "Kilio tulishakitosha juma ilipita," akasema. "Vikwembe vya kilio tulishavifunga. Ni nani anakirudisha hapa leo?"

Hapo ndipo nilipojua njiwa walikuwa wanaenda wapi. Haikuwa mapenzi. Ilikuwa roho ya Muzee.

Wakamleta Koko, bibi mwenyewe, mjane, mwanamke mdogo wa umbo aliyekuwa bado anafungwa kilemba cha manjano. Aliangalia kuku, akaangalia mbuzi, akaniangalia mimi, wala hakuwa na hasira.

"Wewe ni mutoto wa nani?" akauliza.

Ndugu zangu, mlango ulikuwa wazi. Ningesema, Koko, sisi si wa kwenu, tumepewa hivi vitu njiani, kwaheri. Lakini mdomo wangu ulikuwa umeshazoea kazi nyingine tangu Kibati.

"Mimi ni wa Goma, Koko. Muzee alikuwa ananisaidiaka sana."

"Alikusaidiaka na nini?"

"Na... lifti."

"Ku gari gani?"

"Ile ya bleu."

(Magari yake yote yalikuwa ya bluu. Ndiyo maana ya jina.)

"Ulikaliaka mbele ao nyuma?"

Nikaona nyuma kwenye mizigo si heshima kwa marehemu. "Mbele, Koko."

Koko akaitikia kwa kichwa polepole. "Tangu aniowe, Muzee hakupandishaka mwanamuke mbele. Njo sharti nilimupatia, na alilishikaka. Nilifikiri alilishikaka."

Shangazi akapiga makofi mara moja tu. "Njo ule! Deziemu biro ya Goma njo ule! Nilisemaka, mutu hawezi kulala Goma kila mwezi juu ya pneu za gari tu!" Mke wa pembeni, yaani mimi. Na Furaha na Espérance wakawa wasaidizi wangu, nafikiri. Wanaume wa suti wakanizunguka. Mmoja, mwenye miwani, akaniuliza kwa sauti ya chini ya mtu wa sheria: "Uko na watoto, mama?"

"Wanne," nikasema, kwa sababu ndivyo ninavyojibu siku zote mtu akiniuliza.

Kelele! Mama mmoja wa manjano akaangukia kiti ambacho hakikuwepo. Wanne! Warithi wanne wa Goma! Mwenye miwani akawa anafuta miwani, shangazi anaita majina ya wajomba, na mjomba mkubwa akanyanyua mkono akatangaza kwamba hakuna mtu wala gari litakalotoka getini, dot isimame, hata kama ni mpaka kesho, kwanza waongee mambo ya wale watoto.

"Dot?" Furaha akauliza kwa sauti ndogo. "Mahari ya nani?"

"Ya mutoto wetu Justin. Tunaenda kwa Mama Zawadi."

Nakumbuka kuku aliniponyoka na hakuna aliyemkimbilia. Msiba uliosogeza mahari, komande iliyobaki, wakwe wenye magari, vyote vilikuja kunisimamia mbele kwa pamoja, na wakati huohuo simu ikalia mkononi mwa Espérance, na sauti ya Zawadi ikasikika na wote.

"Muko wapi? Jua linaenda. Na wale wa mwanaume pia hawajakuya. Grâce iko nalia. Espé, watu wa hapa kwenye lupango wameanza kuongea. Muko wapi?"

Espérance alinipa ile simu. Nikaikata, na hilo ndilo jambo katika mkasa huu mzima ambalo hata nikilisimulia kwa kucheka huwa silichekei.

Basi nikapiga magoti pale uwanjani nikasema ukweli wote, duka, komande, njiwa, Kibati, aksanti, kamba ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ukweli ulitoka vibaya sana. Uongo wangu ulikuwa mfupi na wenye heshima, lakini ukweli ulikuwa mrefu na hauna kichwa wala miguu, na nilivyoendelea ndivyo walivyozidi kutikisa vichwa. Wakamwita Papa Moïse athibitishe.

"Mimi najua ni familia," Papa Moïse akasema kwa unyenyekevu. "Analia Muzee tangu Goma."

Aliyeniokoa ni Koko. Alinishika mkono, akaniongoza mpaka sebuleni, wote nyuma yetu, akanisimamisha mbele ya ukuta uliojaa picha za ukoo. "Nionyeshe Muzee," akasema.

Nilitazama. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye kofia na sura ya kujitolea kwa watu, picha yake ndiyo kubwa, ina maua ya plastiki pembeni. Nikamwonyesha, na machozi ya kweli sasa.

Koko akatazama picha, akanitazama mimi, na bega lake likaanza kutikisika. Alicheka mpaka kilemba kikamtoka. "Ule ni baba yangu!" akasema. "Alikufaka mbele ya gari ya kwanza inunuliwe! Waacheni. Huyu hamujuwi Muzee. Mwanamuke mwenye kumujuwa Muzee hangemusahau, alikuwa mubaya wa sura sana, Mungu amupumuzishe." Na akacheka tena, sasa na machozi, akasema alikuwa hajacheka tangu wamzike.

Mjomba akashusha mkono wake. Lakini shangazi alikuwa bado na neno, na alikuwa na haki: kitenge cha matanga hakiwezi kuingia kwenye mahari, ni kuwapelekea maharusi kilio nyumbani. Mna nguo nyingine? Tulifungua masanduku. Njiwa wenye mikono mipana, na nguo za kulalia. Espérance akalifunga sanduku lake kwa kishindo.

Basi wakatuvika sare ya manjano. Yao. Na kwa kuwa muda ulikuwa umekwenda, na kwa kuwa shangazi alitaka kutuona kwa macho yake mpaka mwisho, tukapandishwa kwenye magari yao yenye riboni, Papa Moïse akabaki na mbuzi.

Nilimwona Zawadi kabla hajaniona. Lupango lake, yaani ua wa nyumba, lilikuwa limefagiliwa, upande wa kushoto viti vimefungwa vitambaa vyeupe, safu baada ya safu, vitupu, na yeye amekaa kiti cha mbele na majirani wawili. Magari yalipofunguka alisimama. Wanawake wa manjano wakashuka wakiimba, na yeye akawa ananyoosha shingo, anatazama nyuma yao, getini, barabarani. Macho yake yalinipita. Yalinipita mara mbili, kwa sababu alikuwa anatafuta watu wake na mimi nilikuwa mmoja wa wale wa manjano. Alipokuja kuujua uso wangu, aliushusha mkono aliokuwa ameuinua kujikinga jua, akakaa.

Tukakalishwa upande wa wageni. Msemaji wao akasimama, mtu wa maneno matamu, akaanza utani wa siku hiyo kama inavyotakiwa. "Sisi tumejaa, munatuona. Lakini Mama, upande wako tunauona viti tu. Tusalimie viti? Watu yako iko wapi?"

Watu wakacheka, ni utani wa kawaida. Zawadi hakucheka. Na mimi nikasimama. Ukija na wageni huvuki uwanja, hilo linajulikana, hata mtoto analijua, lakini nilikuwa nimeshavunja mengi siku ile nikaona hilo moja halitaniongezea. Nikatembea katikati ya uwanja na manjano yangu, Furaha nyuma yangu, Espérance nyuma ya Furaha, na uwanja ule ulikuwa mrefu kuliko barabara ya kutoka Goma.

"Hee, Mama!" msemaji akapiga kelele. "Hao ni wa kwetu! Unatuibia watu ao?"

Tulifika mbele yake. Zawadi akanitazama kuanzia kilemba mpaka viatu, na kwa muda nilidhani atasema turudi tulikotoka, na kama angesema ningerudi. Halafu akasimama, akageukia ule upande uliojaa.

"Hapana," akasema. "Watu yangu ni hawa. Nguo njo si yangu."

Koko ndiye aliyeanza kupiga vigelegele.

Grâce aliolewa. Zawadi hakuzungumza nami mpaka mahari ilipokwisha na sinia la mwisho likaondolewa, na alipozungumza aliniuliza tu kama nimekula. Mimi nimeapa, na ninyi mnishuhudie: mtu akinipa pole barabarani nitamuuliza kwanza ni ya nani, hata kama analia, na kama si yangu nitamrudishia hapohapo, aibu ikinikuta initukane. Na nikiwa na mtu mmoja anayeningoja na viti vyake vitupu, sitasimama tena njiani kuwa ndugu wa kila mtu.